Orodha ya Uhamisho

Isome hadi mwisho, kisha mrushie mwenzako wa ofisini.

Nyamizi alikuwa mtunza mafaili katika hospitali moja ya wilaya. Miaka sita aliomba uhamisho amfuate mumewe, na miaka sita aliambiwa asubiri. Basi asubuhi moja ilipoingia barua pepe yenye kichwa "Orodha ya Waliopata Uhamisho", moyo ulimruka. Ilimtaka aandike neno lake la siri la mfumo wa hospitali. Akaliandika upesi, bila kujiuliza. Ukurasa ukabaki mweupe.

Hapo akaelewa kwamba amewafungulia wezi mlango, na taarifa za wagonjwa wote zimo humo. Akinyamaza, nani atajua? Akisema, kibarua kitaota nyasi. Hata hivyo, alimpigia fundi wa kompyuta.

"Kaka Elisante, nimeharibu."

"Afadhali umesema, dada. Usiguse kitu."

Elisante alikata mtandao wa hospitali nzima, akabadilisha maneno yote ya siri. Wezi walikuwa wameshaingia. Bado kidogo tu wayafunge mafaili yote, wadai fedha ndipo wayafungue.

Mchana mganga mkuu, Dokta Kasimbazi, aliita kikao, akafoka kweli kweli.

"Nani aliyefungua barua ile? Kila siku nawaambia hapa ndipo nyumbani, kumbe nyie mnawaza kuhama tu!"

Nyamizi alisimama, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi, Dokta. Naomba unisamehe."

"Kakabidhi ofisi!"

Elisante akakohoa. "Samahani, Dokta. Barua ile ilifunguliwa na watu tisa. Dada Nyamizi alikuwa wa mwisho, na ni yeye peke yake aliyeniambia. Wezi waliingia kwa neno la siri la mtu wa kwanza, saa moja na nusu asubuhi."

Jina hakulitaja. Watu walitazamana. Dokta Kasimbazi alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akaivaa.

"Mtu wa kwanza ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Na mimi nimeomba kuhama. Niliona aibu, nikanyamaza. Kaa, Nyamizi, kaa mwanangu. Leo wewe ndiye uliyetuokoa."

Nyuma kabisa, matroni naye akasimama. Kisha mfamasia. Kisha wengine watano, mmoja mmoja.

Funzo: Mwizi wa mtandaoni hujificha nyuma ya aibu zetu. Aliyekosea akasema mapema ni mlinzi. Tusimfanye ajute kusema.