Mjukuu Kwenye Keria

Naiandika haraka kabla mwanangu hajaamka. Nilisimuliwa na jirani yangu aliyezaliwa visiwani huko Ziwa Viktoria, na tangu niisikie sijatulia, nikimbeba mtoto naikumbuka, nikiona baiskeli naikumbuka, basi nimeona niisambaze. Ukiimaliza mtumie mwenye mama mkwe.

Siyo zamani ya wafalme, ni zamani ya juzi tu, wakati baiskeli nyeusi yenye dinamo ndiyo ilikuwa gari la nyumba. Kisiwani palikuwa na bibi mmoja akiitwa Bibi Nyangeta, magoti yalikuwa yamemgomea, hatembei mbali. Mwanawe wa kiume anayefanya kazi Morogoro akatuma habari kwamba anakuja kumchukua akaishi naye huko, na kila mtu alijua bibi akishavuka ziwa harudi tena.

Bibi hakukataa. Aliomba kitu kimoja tu, azungushwe kisiwa kwa baiskeli kama marehemu mumewe alivyokuwa akimzungusha kila mwaka pamba ikishauzwa. Kanisa la zamani la mapadri, boma la Wajerumani, jineri ya kuchambulia pamba, halafu gati la meli, ndipo warudi nyumbani.

"Si tukukodie pikipiki, mama?" binti yake Skola akamwambia. "Unatoka asubuhi, mchana umerudi."

"Pikipiki inapita tu. Mimi sitaki kupita, nataka kuona."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Katika ukoo mzima mwenye baiskeli alikuwa mmoja, Maregesi, mume wa Skola. Yaani mkwe.

Kwa watu wa kule mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawatazamani usoni, hawaitani majina, hawasemezani moja kwa moja, wakikutana njiani mwanamume anaingia vichakani mpaka mama apite. Siyo chuki, ndiyo heshima yenyewe. Na keria unaijua, kile kiti cha chuma cha nyuma ya baiskeli, abiria asipomshika anayeendesha, kilima cha kwanza tu anabaki nyuma amekaa chini.

Maregesi aliposikia akacheka, akidhani ni utani. Alipoona mkewe hacheki akaacha.

"Mke wangu, niombe kingine. Niambie nimhamishie mama ziwa kwa ndoo nitahamisha. Hilo la kushikwa kiuno, hapana."

"Atakufa na hamu yake huko Morogoro."

"Na mimi nitakufa na aibu yangu hapa hapa."

Wakaenda kwa Shangazi Perpetua, dada wa marehemu baba yake Skola. Mama huyu aliogopwa kisiwa kizima kwa mambo ya mila, hata wanaume wazima wakimwona wanatupa sigara. Skola alikuwa na hakika watafukuzwa. Shangazi aliwasikiliza huku anaanika dagaa wake, hakuinua kichwa.

"Mjukuu yupo?" akauliza.

"Yupo, shangazi. Misi, ana miaka mitano."

"Mkwe hamgusi mama mkwe. Lakini mtoto anamshika baba yake, na bibi anamshika mjukuu wake. Mkalisheni katikati, na maneno nayo yapitie kwake. Haya nendeni, mnanikanyagia dagaa."

Basi shida ikamtoka baba ikamwingia mama. Maana Misi ndiye mtoto pekee, Skola alimpata baada ya kumzika mwingine, na keria ni keria, pembeni kuna spoku za gurudumu zinazunguka, mguu wa mtoto ukiponyoka umekwisha.  Skola akashona mto wa gunia, akaufunga kwenye keria, akaufungua, akaufunga tena.

"Mama, miguu yake. Mama, asisinzie. Kwenye mteremko mshuke, mama."

"Skola," bibi akasema, "wewe nilikubeba hivyo hivyo. Ulikufa?"

Wakaondoka, baba mbele ameshika usukani, mtoto katikati, bibi nyuma amejitanda kanga mpaka machoni. Skola akabaki njiani mpaka kengele ya baiskeli ikaacha kusikika.

Safari yenyewe, jamani, wanasema ilikuwa tamu. Njia inapita ufukweni, upande huu mihogo na michungwa, upande ule maji mpaka jicho linachoka. Kanisani matofali yalikuwa mekundu kama yamechomwa jana, kengele ile ile ya zamani juu ya mnara.

"Misi, mwambie baba yako hapa ndipo nilipobatizwa. Padri alikuwa na ndevu nyingi, nikalia."

"Baba, bibi alilia."

"Mwambie bibi pole."

"Bibi, pole."

"Mwambie ni zamani, nimeshanyamaza."

Kule bomani paa lilishaondoka, kuta nene zimebaki zimesimama peke yake, mbuzi wanalala kwenye chumba walichokuwa wanafungiwa watu. Bibi akaomba baiskeli isimame, akaangalia mpaka akatosheka. Jineri nayo ilikuwa kimya, mashine zimeshika kutu, milango iko wazi. Akamsimulia mjukuu jinsi pamba ilivyokuwa inaruka hewani humo ndani mpaka wasichana wote wanatoka na vichwa vyeupe, wanachekana wakisema tazama bibi kizee huyo.

"Sasa mvi ni zangu kweli," akasema, "na wa kunicheka wote wameshatangulia."

Misi akaona hilo ni refu. "Baba, bibi ana mvi."

"Mwambie nimesikia, mama yangu," Maregesi akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua kidogo.

Walilala kwa ndugu jirani na jineri, kesho yake wakaenda gatini. Meli zilishaacha kufika pale siku nyingi, hakuna duka, hakuna gari, ni mawe na nguzo na ndege weupe. Bibi akakaa juu ya jiwe, Misi kwenye mapaja yake. Maregesi akasimama mbali kidogo, amewapa mgongo, anatazama maji kama inavyotakiwa.

"Misi, mwambie baba yako, babu yako alishukia hapa. Baiskeli kaibeba begani, hataki iguse maji hata tone. Nikamcheka. Akaniuliza jina langu nani."

Misi hakusema kitu.

"Misi?"

Akamgusa paji la uso. Mtoto alikuwa anawaka, shingo imelegea, macho nusu yako wazi. Asubuhi alikunywa uji vizuri kabisa. Wenye watoto mnajua homa zao, hazibishi hodi.

Sasa bibi afanyeje? Magoti hayamwinui. Aliyekuwa anapitisha maneno ndiye huyo amelegea mapajani, na baba yupo pale anatazama ziwa, hajui lolote.  Bibi akalitamka jina ambalo hakuwahi kulitamka tangu binti yake aolewe.

"Maregesi."

Hakugeuka. Alidhani ni upepo.

"Maregesi, mwanangu, geuka. Mtoto anaungua."

Akageuka. Wakatazamana uso kwa uso, mara ya kwanza. Zahanati ya karibu ni ile ya kijijini kwao, ng'ambo ya kilima. Maregesi akaleta baiskeli mbio, akaishika, halafu akaganda.

"Mama, hawezi kunishika huyu. Atakaaje?"

"Nitamshika yeye na wewe. Niinue."

Akamwinua mama mkwe wake kwa mikono yake miwili akamweka kwenye keria. Bibi akamlaza mtoto kwenye mgongo wa baba yake, akazungusha kanga, na juu ya kanga akazungusha mikono yake mwenyewe, akafunganisha vidole kwenye tumbo la mkwe.

Njia nzima wakawa wanasemezana wenyewe.

"Shimo, mama."

"Nimeshika."

"Anapumua?"

"Anapumua. Usitazame nyuma, kanyaga."

Kumbe siku hiyo ni siku ya gulio, pale ufukweni. Zahanati iko nyuma ya gulio, huwezi kuifikia bila kupita katikati ya watu wote wa kisiwa. Baiskeli ilipotokea, wa kwanza kuona wakanyamaza, wa pili wakanyamaza, mpaka mwenye redio akaizima. Mama mkwe kamkumbatia mkwe wake mchana kweupe. Kosa hilo kule faini yake ni mbuzi, na jina lako linabaki midomoni mwa watu mpaka wajukuu.

Skola alikuwa pale ananunua chumvi. Aliona mikono ya mama yake kwanza, halafu akaona kichwa cha mtoto kinavyoning'inia, hakujua aogope lipi.  Kijana mmoja muuza viatu akasema kwa sauti, "Leo mchuzi wa mbuzi tutakunywa." Wawili watatu wakacheka.

Shangazi Perpetua akainuka kutoka kwenye fungu lake la dagaa. Watu wakampisha. Akaitazama ile mikono, akamtazama mtoto. Maregesi ameshuka, jasho linamtiririka, anasukuma baiskeli huku ameinamisha kichwa.

Shangazi akawageuzia mgongo.

Skola moyo ukamkatika. Alijua ndiyo basi, wametengwa, mume na mama kwa siku moja, na mtoto anakufa juu ya keria. Lakini Shangazi akasema, bado amewapa mgongo, uso kwenye ziwa, sauti ile ile ya kufokea kuku:

"Kuna mama mzima anataka kushuka kwenye baiskeli na kanga yake imelegea. Nyinyi mnatazama nini?"

 Kisha mama mmoja muuza nyanya akageuka akatazama ziwa. Mwenye redio akageuka. Wavuvi, wauza mitumba, mwenyekiti wa kijiji na fimbo yake, mmoja mmoja wakageuka, na yule kijana wa viatu akawa wa mwisho, gulio zima likatazama maji kama vile kuna meli inakuja. Na nyuma ya migongo hiyo baiskeli ikapita polepole mpaka mlangoni mwa zahanati, Maregesi akambeba mama mkwe wake akamshusha, Skola akampokea mtoto wake.

Ilikuwa malaria. Muuguzi alisema wangechelewa kidogo angekuwa anasema mengine. Kesho yake jioni Misi alikuwa anadai maandazi.

Yule kijana hakukubali kushindwa. Gulio lililofuata akamfuata Shangazi kwenye dagaa wake.

"Shangazi, sasa mbuzi analipwa lini?"

"Mbuzi wa nini?"

"Si siku ile mkwe kashikwa kiuno, mbele ya gulio zima."

"Nani aliona?"

Kijana akawageukia watu, apate hata shahidi mmoja. Mama wa nyanya alikuwa anapanga nyanya zake. Mwenye redio alikuwa anatafuta stesheni.

Funzo: Heshima iliwekwa ili tutunzane, siku mtu anapolazimika kuivuka ili kuokoa uhai, kazi ya wanaomtazama ni kumsitiri.