Sori ya Nyani na Jembe la Mama Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma huko sijawasikia. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Atakayesinzia, kiazi chake kilichoko motoni nakila mimi.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakilima kama sisi, paliishi mjane mmoja, Mama Ngiri, pamoja na wanawe. Alikuwa na shamba la viazi vitamu. Viazi hivyo ndivyo vilivyokuwa chakula chao cha kiangazi kizima. Vikipotea, watoto watalala njaa.

Nchi ile ilikuwa na desturi yake. Aliyemkosea mwenzake hakuja na maneno matupu. Alikuja alfajiri, jembe begani, akaanza kulima shamba la mwenzake huyo bila kuulizwa. Alilima, akalima, akalima, mpaka mwenye shamba aseme, "Basi, yameisha." Yakishasemwa hayo, yameisha kweli.

Sasa jirani wa Mama Ngiri alikuwa Nyani. Nyani huyo alikwenda kukaa karibu na kambi ya wageni, akila makombo yao. Akarudi na kitambi, na neno moja la Kiingereza.

"Neno gani hilo?" wakamwuliza.

"Sori," akasema, amebinua midomo. "Wageni wakikanyagana, sori. Wakitaka kupita, sori. Mtu akifiwa, sori. Wasiposikia vizuri, sori? Neno moja, kazi zote!"

Wanyama wakalipenda mno. Nungunungu akimchoma mtu miiba, sori. Mzee Pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, mkuu wa baraza, akimkatiza mtu maneno, sori. Kanga akipiga chafya, sori, na vifaranga wake nyuma, sori, sori, sori. Majembe yakaanza kushika kutu.

Siku moja Mama Ngiri akamkuta Nyani shambani, mashavu yamejaa.

"Nyani! Viazi vya wanangu!"

"Sori, Mama Ngiri." Akaenda zake.

Alfajiri Mama Ngiri akasikiliza. Jembe halikuja.

Akamkuta tena. "Nyani! Viazi vya wanangu!"

"Sori sana, Mama Ngiri." Akaenda zake. Alfajiri, jembe halikuja.

Mara ya tatu Nyani alikuja na gunia. Akang'oa viazi vilivyobaki, akang'oa hata marando ya kupanda.

"Nyani! Wanangu watakula nini?"

"Sori, sori, sori! Nimekupa tatu, unataka nini tena?" Akakimbia na gunia lake, anacheka.

Mama Ngiri akaenda barazani kwa Mzee Pofu.

"Kwani hakusema sori?" akauliza Pofu.

"Alisema, mzee."

"Sasa?"

"Sasa wanangu hawali sori, mzee."

"Basi, sori, Mama Ngiri," akasema Pofu, akaendelea kucheua.

Mama Ngiri akarudi nyumbani, akainjika chungu cha maji matupu. Kitinda mimba wake akachungulia ndani. "Mama, hiyo sori inapikwaje?" Mama Ngiri akageuka ukutani, akalia.

Kesho yake mvua ikanyesha. Nyani alikuwa akihamisha gunia lake kulificha porini. Akaliweka chini ya mti, akarudi nyuma kutazama kama anafuatwa, pu! Akatumbukia katika shimo la udongo wa wafinyanzi. Akipanda, anateleza. Akipanda, anateleza. Na maji yanajaa.

Akapita Nungunungu. "Umeanguka?"

"Nimeanguka! Nitoe!"

"Sori," akasema Nungunungu, akaenda zake.

Akapita Kanga. "Umeanguka?"

"Nimeanguka! Nitoe!"

"Sori," akasema Kanga. Sori, sori, sori, wakasema vifaranga, wakaenda zao.

Akapita Mzee Pofu. Huyu alisimama, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mzee, maji yananifika kiunoni!"

"Lo! Sori sana, mwanangu." Akaenda zake.

Nyani akapiga kelele, "Sori gani hii haina mikono?"

Ndipo akapita Mama Ngiri, anatafuta mizizi ya kuwapikia wanawe. Nyani alipomwona alifunga mdomo. Aibu ilimshika.

Mama Ngiri akatazama chini. Jamani, sitawaficha: lile neno lilimjia mpaka ncha ya ulimi, tamu kama asali. Akafungua mdomo alitamke. Akaona maji yamefika kifuani.

"Pole," akasema, na kabla hajaimaliza alikuwa amekwisha piga magoti, anachimba ukingo kwa meno yake. Akachimba, akachimba, akachimba, mpaka ukawa mteremko. Nyani akatoka kwa miguu minne, tope mpaka kwenye kope.

"So..." akaanza.

Mama Ngiri akamtazama.

Nyani akameza neno lake.

Alfajiri Mama Ngiri akasikia, ko! ko! ko! Akatoka. Nyani yuko shambani na jembe. Gunia la viazi liko mlangoni, na marando yamefungwa vizuri juu yake. Kando ya Nyani, ko! ko! ko! nani? Mzee Pofu, aliyesikia habari ya shimoni akaona haya, na jembe lenye kutu, anahema.

Mama Ngiri akalivuta gunia ndani. Akawasha moto, akawachomea wanawe viazi, wakala wakashiba. Wale wawili wakalima, wakapanda, jua likawaka. Tuta la mwisho lilipokwisha, ndipo aliposema, "Basi. Yameisha."

Nanyi mkimkosea mtu, semeni kwa lugha mnayoitaka, lakini kesho yake alione jembe lenu. Na mpaka leo ngiri akichimba hupiga magoti. Wengine husema anaomba radhi. Uongo! Yule anamchimbia nyani njia.

Ngano yangu nimeitua hapa, mwenye mabega aibebe. Na wewe niliyekukanyaga mguu nikija kukaa, acha kunitazama hivyo. Alfajiri nitakuja na jembe. Shamba lako liko wapi vile? Kule ng'ambo ya mto?

Aa. Sori.