Sala Ndefu ya Mama Kiboko

"Jamvi limetandikwa?"

"Limetandikwa!"

"Mlango wa ngano?"

"Uko wazi!"

"Basi niingie?"

"Ingia, utukute tumekaa!"

Nimeingia. Nakuta bonde. Katika bonde kuna kanisa, katika kanisa kuna Jumuiya ya Akina Mama, na katika Jumuiya kuna Mwenyekiti. Mwenyekiti huyo ni Mama Kiboko.

Mama Kiboko alikuwa na sauti kubwa na kiti kikubwa, lakini kinywa chake kilivishinda vyote viwili. Kila Alhamisi mchana akina mama walikutana nyumbani kwake kando ya bwawa, wamefunga vitambaa vyeupe kichwani, kila mmoja na chungu chake. Chakula kilitoka katika ghala la Jumuiya, na kilipikwa kwa ajili ya wenye shida: mzazi, mgonjwa, mfiwa. Kilipoiva kililetwa na kuwekwa miguuni pa Mwenyekiti. Na hii ilikuwa kanuni tangu enzi za bibi zao: chungu kikishawekwa miguuni pa Mwenyekiti, hakiondoki mpaka Mwenyekiti atamke kwa kinywa chake mwenyewe kinakwenda kwa nani.

Mama Kiboko hakutamka. Alisema tu, "Viacheni hapa, wapendwa. Nitavipeleka mwenyewe."

Akina mama wakaondoka. Nyuma yao kifuniko kikalia, kwachu! Kisha gugu, gugu, gugu. Alhamisi iliyofuata walivikuta vyungu vimepangwa juani, vimelambwa mpaka vinang'aa.

"Wamefurahi sana," alisema Mama Kiboko. "Wanawasalimu."

Hakuna aliyeuliza ni akina nani waliofurahi. Mama Kiboko akiingia bwawani, maji hupanda mpaka njiani, na mtu wa namna hiyo haulizwi ovyo.

Sasa, juu ya bonde, kwenye majabali, aliishi Pimbi. Pimbi alikuwa mdogo, hana mkia, na mkutanoni alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Chini ya jabali lake palikuwa na kichaka, na kichakani Mama Digidigi alikuwa amejifungua. Mumewe alikwenda kutafuta majani mabichi, na kiangazi kile hakurudi.

Asubuhi moja Pimbi alisikia kichanga kikilia: nyee, nyee, nyee. Mchana akasikia: nyee, nyee. Jioni akasikia: nyee.

Pimbi akateremka.

"Hodi, mama mzazi."

"Karibu, dada. Sema taratibu, amelala."

"Hajalala huyu. Amechoka."

Mama Digidigi akainamisha kichwa. "Maziwa yamekataa. Anavuta, anavuta, hapati kitu."

"Na ule uji uliunywa?"

"Uji gani?"

"Uji wa ulezi. Niliupika mimi kwa ajili yako, nikauponda na ndizi mbivu. Niliukabidhi Alhamisi."

"Labda Mwenyekiti alipotea njia," akasema Mama Digidigi, kwa maana alikuwa na adabu hata akiwa na njaa.

Pimbi akampa majani makavu aliyokuwa nayo. Hakuwa na kingine. Kiangazi kile ulezi ulibaki katika ghala la Jumuiya tu, na kilichotoka ghalani kilikuwa na njia moja: jikoni, kisha miguuni pa Mwenyekiti.

Alhamisi ikafika. Pimbi akanyoosha mkono kule nyuma.

"Mama Mwenyekiti, naomba kuuliza."

"Nani huyo anayesema? Simama tukuone."

"Nimesimama, Mama."

Akina mama wakacheka.

"Ni kuhusu Mama Digidigi. Uji wake haujamfikia, na mtoto anafifia."

"Digidigi!" akasema Mama Kiboko. "Yule amewahi kuleta nini hapa? Hata jani? Haya, tutaliombea jambo hilo. Tutalipanga. Keti, Pimbi."

"Nimeketi, Mama."

Wakacheka tena.

Pimbi akaenda kwa Mchungaji Korongo. Akamkuta amesimama kwa mguu mmoja, kama kawaida yake, akitafakari mahubiri. Akamweleza yote.

"Mambo ya akina mama, binti yangu, ni ya akina mama," akasema Mchungaji Korongo. Akabadilisha mguu. "Mimi nisingependa kuyaingilia."

Pimbi akapanda jabali lake, akalala kifudifudi juu ya jiwe la moto. Alikasirika kwanza. Kisha akaiacha hasira, kwa sababu ilikuwa inamchelewesha. Chini kichakani kichanga kililia: nyee.

"Wiki ijayo uji utafika," akasema Pimbi. "Na Mwenyekiti mwenyewe ndiye atakayeutuma."

Akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Akaenda kwa Mama Kanga.

"Jirani yako nani?"

"Mama Nungunungu. Amefiwa, maskini, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumkumbatia."

"Kwa nini?"

"Wee! Umewahi kumwona Nungunungu?"

"Basi mpelekee kunde. Chungu chako ni cha Mama Nungunungu."

Akaenda kwa Mama Ngedere. "Jirani yako nani?"

"Bibi Kobe. Kila Alhamisi anaondoka kuja mkutanoni, akifika katikati ya njia anakutana na sisi tunarudi."

"Chungu chako ni cha Bibi Kobe."

Akaenda kwa Mama Punda Milia. "Jirani yako nani?"

"Mama Mhanga. Anaumwa, yuko shimoni. Hivi, bado yumo kweli?"

"Utajua ukimpelekea chungu."

Akaenda hivyo nyumba kwa nyumba, mpaka kila mama akawa na jirani mmoja wa kumwangalia. Mama Kanga akamfuata nyuma akihema.

"Dada Pimbi, mimi nina vifaranga. Mwenyekiti amekataza watoto mkutanoni, anasema wanapiga kelele."

"Walete wote. Hizo kelele ndizo ninazozihitaji."

Mwisho akateremka bwawani, akapiga magoti mbele ya kile kiti kikubwa.

"Mama, nimekuja kwa ajili ya sala yako."

"Ina nini sala yangu?"

"Ni nzuri sana, ila ni fupi. Wanasema Mama Tembo wa kanisa la ng'ambo anawaombea watu mmoja mmoja, kwa jina, na anataja kila mmoja aletewe nini."

"Mama Tembo! Yule ambaye sauti yenyewe inamtokea puani!"

"Ndiyo maana nimewaambia akina mama: Mwenyekiti wetu akiomba kwa majina, kila jina lipate chungu chake."

Masikio ya Mama Kiboko yakazunguka, pru, pru. "Kila jina?"

"Kila jina, chungu."

"Na majina yakiwa mengi?"

"Kinywa ni chako, Mama."

Alhamisi ile vyungu vilijaa miguuni pa Mwenyekiti mpaka hakuna pa kukanyaga. Kulikuwa na kunde, viazi vitamu, mihogo na maboga, na mwisho kabisa, kidogo kuliko vyote, chungu cha uji wa ulezi. Mvuke ulipanda fuu, fuu.

Mama Kanga akamnong'oneza Pimbi, "Lakini sisi tukifumbua macho wakati wa sala, si dhambi?"

"Samaki amefumba macho lini?" akanong'ona Pimbi. "Naye ni kiumbe wa Mungu. Shika chungu chako, usikilize jina."

Mama Kiboko akasimama. Akafumba macho. Akaanza.

"Ee Bwana! Mkumbuke Mama Nungunungu! Mpelekee kunde!"

"Amina!" wakaitikia wote. Mama Kanga akabeba chungu. Chwe, chwe, chwe, nje.

"Ee Bwana! Mkumbuke Bibi Kobe! Mpelekee viazi!"

"Amina!" Mama Ngedere akabeba chungu. Ruka, shika, ruka, nje.

"Ee Bwana! Mkumbuke Mama Mhanga! Mpelekee mihogo!"

"Amina!" Mama Punda Milia akabeba chungu. Ko, ko, ko. Mlangoni kifuniko kikamponyoka, kwang'!

Mama Kiboko akanyamaza. "Nini hicho?"

"Ni roho ya uchoyo inatoka, Mama," akasema Pimbi. "Sala yako imeifukuza. Usifumbue, isije ikakuona ikaingia kwako."

Mama Kiboko akafumba macho kwa nguvu zaidi, na matundu ya pua akayabana kama anayezama bwawani. Akaendelea, sauti yake sasa ya mafua kidogo, akiomba na kuomba. Alijua kwamba kila jina lilikuwa chungu, basi akachimba majina. Akamtaja mjane wa ukingoni. Akamtaja kipofu wa kule kwenye miiba. Akamtaja mgeni aliyehamia juzi, ambaye hata Pimbi hakumjua, ikabidi chungu kimoja cha maboga kigawanywe papo hapo. Hapo ndipo Pimbi alipostaajabu, kwa sababu Mama Kiboko aliwajua wote. Hakuwa amemsahau hata mmoja.

Akina mama wakapungua, "Amina" nayo ikapungua. Pimbi akaitikia kwa sauti nene, kisha akaitikia kwa sauti nyembamba, kisha akawapungia mkono vifaranga.

"Mina! Mina! Mina!" wakaitikia vifaranga.

"Naona leo Roho ameshuka," akasema Mama Kiboko, akaongeza bidii.

Mwishowe ukabaki ule uji peke yake. Mama Kiboko akavuta pumzi ya kusema Amina ya kufungia.

Pimbi akautazama uji. Angeweza kuubeba tu, hakuna macho yaliyokuwa yakimwona ila ya vifaranga. Lakini hakutaka kikombe cha kwanza cha mzazi yule kiitwe cha wizi. Kanuni ilisema kinywa cha Mwenyekiti, basi ni kinywa cha Mwenyekiti.

"Mama," akasema, "kuna chungu kimoja hakina jina."

"Cha nini?"

"Uji wa ulezi. Una ndizi mbivu."

Mama Kiboko akameza mate, gugu. "Hicho kiache bila jina."

"Sawa, Mama. Basi majina yamekwisha, na vyungu navyo vimekwisha. Mama Tembo angekuwa na jina moja zaidi, lakini wewe pia umejitahidi."

"Nimejitahidi? Ngoja kwanza!" Mama Kiboko akakunja uso, akatafuta huku na huku gizani mwake. Alibaki mmoja tu, na huyo hakumpenda. Lakini jina lilikuwa chungu. "Ee Bwana! Mkumbuke na yule Digidigi, ambaye hajawahi kuleta hata jani! Mpelekee uji! Na uwe wa moto!"

"Amina!" akasema Pimbi, na neno hilo alilisema akiwa tayari mlangoni. Nyuma yake Mama Kiboko akaanza kushukuru kwa kila chungu, kimoja kimoja.

Mbio, mbio, bondeni. Mbio, mbio, majabali. Chungu juu ya ngata, mkono mmoja juu, jasho machoni. Njia nzima alisikiliza kama kuna kilio kichakani, na hakusikia kitu. Akaongeza mbio.

"Hodi! Usinisalimu, kunywa kwanza."

Mama Digidigi akanywa. Akanywa tena. Pimbi akakishika kichanga, chepesi kama jani, akakipasha joto kifuani, akangoja. Kisha akakiweka kwa mama yake.

Kimya. Kisha, taratibu: chu. Kisha: chu, chu, chu.

Wakati huohuo, kutoka bwawani, ikapanda sauti iliyowarusha ndege wote wa bonde: "AMINAAA!"

Vikafuata vifaranga: "Mina!"

Kisha ile sauti kubwa tena:

"VYUNGU VIKO WAPI?"

Mama Digidigi akashtuka. "Nani huyo?"

"Mwenyekiti," akasema Pimbi. "Amemaliza kukuombea."

Jumapili Mama Kiboko aliwahi kanisani. Alikuja kushtaki. Mchungaji Korongo alipouliza, "Nani ana neno?" akasimama, benchi likalia kwa nafuu. Lakini kabla hajaanza, Mama Nungunungu alikuwa ameshafika mbele.

"Niliombewa kunde," akasema, "na kunde zikafika kabla sala haijaisha. Na Mama Kanga akanikumbatia. Pole pole, lakini akanikumbatia."

Bibi Kobe akasema aliletewa viazi vya moto, naye alikuwa ameanza safari Ijumaa ili aje aseme hayo. Kisha akaingia Mama Digidigi, na nyuma yake kitoto kikitembea kwa miguu minne isiyopatana bado.

"Mwenyekiti alinitaja," akasema. "Mimi ambaye sijawahi kuleta hata jani."

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mchungaji Korongo, kwa mara ya kwanza mbele ya washirika wake, akashusha mguu wa pili.

"Mama Mwenyekiti," akasema, "ulikuwa na neno?"

Mama Kiboko akafungua kinywa. Akawatazama watu wote wanaompigia makofi. Akakifunga. Akakifungua tena.

"Nilitaka kusema," akasema kwa shida, "kwamba Alhamisi tutaomba tena."

"Kwa majina, Mama?" ikauliza sauti ndogo kutoka nyuma.

"Simama tukuone," akasema Mama Kiboko.

"Nimesimama, Mama."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Kwa majina," akasema Mama Kiboko.

Basi ngano imetokea mlango ilioingilia. Kunjeni jamvi, anayetoka mwisho afunge mlango.

Na funzo lake, akina mama wa makanisa yote, ni hili: fupisheni sala zenu. Sala ndefu ina hasara. Mwangalieni Mama Kiboko: aliomba kwa moyo wote, akajibiwa yote, akalala na njaa.