Yeye wa Ukurasa wa Tisa

Wakubwa kwa wadogo, acheni kidogo mnachofanya mnisikilize. Kisa nitawapa chote, sitaficha hata kipande. Hukumu ndiyo sina.

Katika mji wa Kirangani palikuwa na ofisi ndogo juu ya duka la vioo. Mtu akipigwa na polisi bila kosa, au wazima moto wakimwachia nyumba yake iteketee, alipanda ngazi za ofisi ile akatoa malalamiko yake. Huko ndiko walikokutana watu watatu ninaotaka muwapime.

Wa kwanza ni Wakio, mpelelezi wa malalamiko. Kipaji chake kilikuwa lugha mbili. Watu walieleza mambo yao kwa Kiswahili, lakini baraza la nidhamu lilisoma Kiingereza, basi Wakio aliandika yote mawili. Mtu akilia mbele yake kwa Kiswahili, kwenye Kiingereza cha Wakio kilio kile kilibaki kilio. Wanabaraza walikuwa wakisema kwamba wakisoma karatasi zake wanamsikia mtu akipumua.

Wa pili ni Chirunga, mwanasheria wa ofisi. Huyu kipaji chake kilikuwa karatasi. Angelitazama daftari la kituo cha polisi kwa dakika tano akakwambia ukurasa gani umeandikwa upya na kwa nini.

Wa tatu, Bi Mejumaa, hakuajiriwa na mtu. Alikuwa mke wa fundi cherehani. Kipaji chake kilikuwa kusimama mahali akakataa kuondoka.

Alhamisi moja, saa nane mchana, jengo la mafundi cherehani lilishika moto. Mume wa Bi Mejumaa, Fundi Shee, alikuwa ghorofa ya pili na mguu wake mbovu. Gari la zimamoto lilifika, mpira ukatandazwa, bomba likafunguliwa. Yakatoka matone, kisha hewa. Tangi lilikuwa kavu. Watu walikimbia na ndoo, lakini Fundi Shee hakushuka tena.

Polisi waliandika ripoti kwamba marehemu alikuwa amelewa akajifungia ndani. Fundi Shee, ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani mwake.

Bi Mejumaa akapanda ngazi za duka la vioo. Aliambiwa arudi kesho. Akakaa kwenye benchi mpaka kesho ikamkuta pale. Polisi wawili walimfuata nyumbani wakamshauri aache mambo yapite. Akawaandalia viti, akawasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimewasikia. Kesho naenda tena." Alikwenda siku kumi na moja mfululizo, mpaka malalamiko yake yakafunguliwa faili.

Lakini faili bila shahidi ni karatasi tu. Hapo ndipo akatokea Mbodze.

Mbodze alikuwa dereva wa gari la zimamoto, dereva pekee mwanamke katika kituo kile. Alimwendea Bi Mejumaa mwenyewe, mchana, akajifanya mnunuzi wa vitambaa vya marehemu. Alipoketi, alivisukuma vitambaa kando.

"Mama, mimi ndiye niliyeshika usukani siku ile," alisema. "Kabla ya moto, mkuu wetu alinituma hotelini kwa rafiki yake. Tuliyamimina maji yote ya tangi kwenye bwawa lao la kuogelea. Nilipoitwa kwenye moto, nilijua nimebeba tangi tupu. Niliendesha tu."

Bi Mejumaa alikwenda akafunga mlango. Kisha akauliza, "Utayasema haya pengine?"

"Nitasema. Ila nina mama mgonjwa na sina kazi nyingine. Wakinijua nimekwisha."

Bi Mejumaa akampeleka kwa Wakio kwa mlango wa nyuma. Mbodze alieleza kila kitu: jina la hoteli, saa waliyofika, amri ya mkuu wa kituo, Bwana Mwatela. Alipomaliza, alimshika Wakio mkono.

"Dada, andika yote. Lakini usiandike neno litakalomfanya mtu anijue."

"Nakuahidi," Wakio alisema.

Na Kiswahili, jamani, kilimsaidia kutimiza ahadi ile. Katika lugha yetu yeye ni yeye. Alikuja, alisema, aliona: husikii kama ni mwanamume au mwanamke. Maelezo ya Kiswahili yalikuwa kurasa kumi na moja, na ndani yake Mbodze hakuonekana popote.

Kazi ikaanza. Chirunga aliomba daftari la safari za magari, akaona ukurasa wa Alhamisi ile umebandikwa kwa gundi mpya, na wino wake ni tofauti na wa Jumatano na wa Ijumaa. Wakio alitafsiri maelezo kwa Kiingereza, siku tatu bila kupumzika, kwa sababu sheria ilitaka mlalamikiwa apate nakala kabla ya siku thelathini kwisha tangu faili kufunguliwa. Zikipita, faili linafungwa na halifunguliwi tena. Bi Mejumaa naye alikula kiapo mbele ya baraza, akaulizwa maswali ya kumdhalilisha marehemu mumewe, akayajibu yote akiwa amesimama.

Baraza likaamua. Bwana Mwatela akasimamishwa kazi. Ripoti ya polisi ikafutwa, ikaandikwa nyingine: Fundi Shee hakuwa mlevi. Bi Mejumaa aliisoma karatasi ile sokoni kwa sauti, na watu wakampa mkono.

Mngedhani hadithi imefika mwisho. Lakini kabla ya ushindi ule, yalikuwa yametokea mambo matatu, na Mbodze hakuyajua hata moja.

La kwanza lilikuwa la Wakio. Kiingereza hakina yeye mmoja. Kina yeye wa kiume na yeye wa kike, na lazima uchague. Wakio alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na kila mahali alikuwa ameandika "shahidi". Lakini siku ya tatu, macho yakimwasha, kwenye ukurasa wa tisa mkono wake uliteleza. Mahali Kiswahili kiliposema yeye, Wakio aliandika yeye wa kike. Mara moja tu, katika kurasa zote kumi na moja. Alisaini, akapeleka, bila kuliona.

La pili lilikuwa la Chirunga. Yeye aliliona. Ilikuwa asubuhi ya siku ya thelathini, nakala iko mezani, mjumbe anasubiri mlangoni. Kurudisha tafsiri isahihishwe na kuapiwa upya kungechukua siku mbili. Chirunga aliutazama ukurasa wa tisa, akaitazama kalenda. Kisha akaufunga mhuri mfuko na kumkabidhi mjumbe. Hakumwambia Wakio. Hakumtumia Mbodze hata neno la kumwonya, akihofu kwamba akionywa atakana maelezo yake.

Bwana Mwatela alipousoma ukurasa wa tisa alicheka. Kituoni kulikuwa na wanawake wawili tu: Mbodze dereva, na Kache karani, mwenye mtoto wa miezi minne. Mwatela aliamini ni Kache, kwa kuwa yeye ndiye aliyetunza daftari, na hakudhani dereva angejishtaki mwenyewe. Kache akakamatwa, akawekwa mahabusu kwa tuhuma za kuiba nyaraka. Siku ya pili, maziwa yalikuwa yamemlowesha kifua na mtoto yuko nyumbani anakataa chupa.

Hapo likatokea la tatu, la Bi Mejumaa. Aliposikia, alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi akasimama mbele ya kaunta.

"Mwachieni huyo binti. Anaonewa."

"Una uhakika gani?" afisa akamuuliza.

"Aliyenijia namjua. Si huyo."

Hakutaja jina. Alidhani amelilinda. Lakini ukitoa mmoja katika wawili anabaki nani? Kache aliachiliwa jioni ileile akarudi kwa mtoto wake.

Mbodze hakuambiwa kitu. Aliona tu kwamba akiingia chumba cha chai mazungumzo yanakatika. Buti zake alizikuta zimejaa oili chafu. Watu aliokuwa amewabeba kwenye gari miaka sita, aliowapitisha kwenye moshi na vifusi, hawakumwitikia salamu. Baraza lilipotoa uamuzi na Mwatela akaondoka, chuki ikazidi. Jumanne moja, katika mazoezi, akaamriwa apande ngazi ya mita tisa. Wanne walikuwa chini wameishika. Alipofika juu aliinama kuwatazama, akawaona wanatazamana. Halafu wote wanne wakaachia.

Alivunjika nyonga. Daktari alimwambia kwamba atatembea, ila gari kubwa hataendesha tena.

Sasa sikilizeni. Mwatela alikata rufaa. Baraza la rufaa likasema litamsikia shahidi mwenyewe, kwa mdomo wake, ana kwa ana. Asipofika, uamuzi unatenguliwa: Mwatela anarudi kitini, na Fundi Shee anarudi kuwa mlevi kwenye karatasi za serikali. Shahidi anaruhusiwa kuingia na mtu mmoja wa kukaa ubavuni mwake. Mmoja tu.

Basi wote watatu wakaenda kwa Mbodze, asubuhi moja, bila kupatana.

Wa kwanza kufika alikuwa Wakio. Alikuwa na ukurasa wa tisa mkononi, neno lile amelizungushia wino mwekundu. Hakukaa.

"Ni mimi," alisema. "Nimelitafuta lilikotokea nikalikuta kwenye mwandiko wangu. Sikukusudia, dada."

"Nilikuomba nini siku ile?"

"Nisiandike neno litakalomfanya mtu akujue."

"Ulikuwa na kazi moja tu, Wakio."

"Najua. Niruhusu niingie nawe. Baraza la rufaa nalo ni la Kiingereza. Nitalibeba kila neno lako, na safari hii nitalinda hata pumzi."

Kabla Mbodze hajajibu, Chirunga alibisha hodi. Alipouona ule ukurasa akaelewa. Akavua miwani.

"Wakio alikosea bila kujua," alisema. "Mimi nilijua. Niliuona huo ukurasa nikaufunga mhuri."

Wakio akageuka. Hakuwa amelisikia hilo hata siku moja. "Uliuona? Ukaniacha niende nyumbani nikalale?"

"Ningeurudisha, siku thelathini zingekwisha. Kesi ingekufa, na Mbodze angekuwa amejihatarisha bure."

"Ungeniambia mimi!" Mbodze alisema kutoka kitandani, na hapo ndipo sauti yake ilipopanda kwa mara ya kwanza. "Ungenipigia simu. Ningeomba ruhusa nikakaa kwa dada yangu. Nisingepanda ile ngazi. Ulinitumia kama karatasi, wakili."

Chirunga hakujitetea. "Ni kweli. Lakini mawakili wa Mwatela watakuvamia kwa maswali, na hakuna anayejua hila zao kama mimi. Nichukie, ila niingie nawe."

Bi Mejumaa alikuwa amesimama kizingitini muda wote, ameshika bakuli la uji. Aliliweka chini taratibu.

"Mwanangu, mimi sikukosea wala sikunyamaza. Mimi nilisema. Nilisema si Kache, nikajua huenda watakufikia wewe. Nilijidanganya kwamba hawatafika. Mtoto alikuwa analia."

"Nilikuja kwako kwanza, mama," Mbodze alisema. "Kabla ya ofisi, kabla ya sheria. Nilikuja kwa sababu sikuweza kulala kwa ajili ya mumeo."

"Najua."

"Na ingekuwa leo?"

Bi Mejumaa alifuta macho kwa upindo wa leso. "Ingekuwa leo ningesema tena, maana yule binti hakuwa na kosa. Lakini ningekuja kwako kwanza, nikakuficha nyumbani kwangu, nikakaa mlangoni. Sikufanya hivyo. Niache nikae ubavuni mwako, wanione mjane wa Fundi Shee nimekushika mkono."

Mbodze aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalitikisika, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Watu wanne walioachia ngazi walikuwa maadui, na maadui aliwatarajia. Hawa watatu walimwita dada na mwana.

Alipowageukia tena, macho yalikuwa makavu.

"Nitakwenda kwenye rufaa," alisema. "Siendi kwa ajili yenu. Nakwenda kwa ajili ya mtu aliyekuwa ghorofa ya pili nilipofika na tangi tupu. Nitaingia na mmoja wenu. Huyo nitamsamehe na tutaanza upya. Wawili waliobaki wasibishe tena hodi hapa, wala wasiniite jina lolote la udugu. Sasa tokeni, nifikiri."

Wakatoka. Walishuka kibarazani mmoja mmoja, kila mmoja akatazama upande wake.

Wasikilizaji wangu, bila Wakio baraza lisingesikia kitu. Bila Chirunga faili lingekufa. Bila Bi Mejumaa lisingefunguliwa. Na bila neno la Wakio, au kimya cha Chirunga, au ulimi wa Bi Mejumaa, Mbodze angekuwa bado anaendesha gari lake. Mmoja alimwumiza bila kujua. Mmoja alimwumiza akijua, ili kesi ipone. Mmoja alimwumiza ili kumwokoa asiye na kosa.

Rufaa ni Jumatatu. Mlango wa baraza unafunguliwa saa tatu, na Mbodze ataingia na magongo yake. Nafasi ya kando yake ni moja.

Haya, ninyi mlioketi hapa, semeni: mngekuwa ninyi Mbodze, mngeingia na nani?