Dodoso la Bi Tumpale

Sanga ndiye pekee aliyefikisha lori la kununua mahindi kijijini, na bei yake ilikuwa shilingi mia nne kwa kilo. Ghala la Bi Tumpale lilikuwa linavuja, na mvua zilikuwa zimekaribia.

"Mia nne, mama, au yafunike kwa kanga," Sanga alimwambia.

Wakiwa bado wanavutana, akafika Adela, mtafiti kutoka chuoni, na dodoso la bei za mazao. Sanga akavuta kigoda, akaketi karibu nao.

"Ulizaneni tu. Mimi sipo."

"Umebakiwa na magunia mangapi, mama?" Adela aliuliza.

"Thelathini, ila si yangu tena. Wanunuzi wa mjini wanayafuata kesho, kwa mia sita."

Sanga akainuka. "Hao wa mjini unawajua? Mia sita na hamsini, napakia sasa hivi!"

"Na ahadi yangu kwao?"

"Basi mia saba, mama!"

Akalipa, akapakia, akaondoka. Adela akarudi kwenye dodoso.

"Kwa hiyo hao wanunuzi wa mjini..."

"Chukua karatasi nyingine, mwanangu, tuanze upya," alisema Bi Tumpale. "Hiyo nilikuwa namjibu Sanga."