Mkuki wa Lukindo na Kimya cha Bonde

Enyi watu wa Milimani, nanyi watu wa Bonde mliopanda kuja kusafisha mfereji wetu, wekeni majembe chini mnisikilize, maana leo ni zamu ya ukoo wangu kulisimulia jambo hili, nami sitalisimulia kwa moyo mweupe. Mimi ni wa ukoo wa Kalaghe, mfua chuma. Tangu utotoni nimesikia Lukindo akisifiwa, Lukindo hivi, Lukindo vile, na kila asifiwapo roho huniuma, kwa kuwa mkuki uliompa sifa hizo ulifuliwa na babu yetu, na babu yetu hatajwi hata siku moja. Nimekwisha kulitoa moyoni. Sasa sikilizeni.

Zama zile, kabla nchi hii haijaitwa Ughedu, alizaliwa Lukindo mwana wa Shemweta, mwana wa Kighono aliyetoka machweo ya jua na mbuzi kumi na wawili. Lukindo Mabega ya Nyati, Mng'oa Visiki, Mlinda Chemchemi, ambaye alipokuwa kijana aliyabeba mawe ya kusagia ya ukoo mzima kutoka bondeni hadi kileleni bila kuyatua. Kalaghe akamfulia mkuki kwa chuma alichokiyeyusha kwa siku saba, mkuki mrefu kuliko watu wawili, ambao wanaume wanne waliubeba kwa kupokezana, na Lukindo aliuinua kwa mkono mmoja.

Kwa mkuki huo alilishinda Bonde, na kwa mkuki huo alimuua Makange, mkuu wa Bonde, mbele ya watoto wake. Watu wa Milimani wakacheza ngoma siku tatu, wakaupa mkuki jina, wakauita Kilio cha Bonde. Lakini Lukindo hakuwa mpumbavu. Aliona kwamba mtama hauoti mlimani na bonde halina maji, basi akachimba mfereji kutoka juu hadi chini, akamwoa Namkunda binti Makange, akazifanya nchi mbili kuwa moja. Namkunda alikubali kwa sharti moja tu, kwamba mkuki ule usilale katika nyumba anayolala yeye.

Kwa hiyo mkuki ukajengewa nyumba yake, ukapewa mlinzi, mzee aitwaye Mwanjea, ukapakwa samli kila mwezi uandamapo. Na kila baada ya mavuno ulichukuliwa hadi uwanja wa baraza na kusimikwa katikati, na sheria ikawekwa kwamba mtu asitoe hoja barazani ila ameushika mpini wake kwanza, na atakayeitoa bila kuushika, auawe kwa mkuki huohuo.

Watu wa Milimani waliushika kwa fahari. Watu wa Bonde waliutazama, wakaona damu ya baba zao, wakakaa kimya. Nasi wa Milimani, nasema nasi kwa kuwa ni babu zetu, tulikuwa tukiambiana: mbona Bonde hawalalamiki? Wameridhika hao! Na baraza baada ya baraza zamu za maji zikapangwa na sauti za upande mmoja, hata Bonde likabakiwa na siku moja ya maji katika kila siku tisa.

Je, Lukindo hakuliona hilo? Aliliona. Lakini sitawadanganya kama wanavyowadanganya wanaomsifu, kwamba alilala macho kwa huruma. Kilichomkosesha usingizi ni wivu. Alirudi mawindoni na chui wawili mabegani, akakuta watu wamejaa mbele ya nyumba ya mkuki, na waliogeuka kumlaki hawakufika kumi. Alisikia mwizi akiapa uongo kwa kichwa cha Lukindo bila kupepesa jicho, na alipoambiwa aape kwa mkuki, mwizi yule akaungama. Pombe ya kwanza ilipelekwa kwa mkuki, ya pili ndiyo ikaletwa kwake. Akaanza kukonda. Namkunda akamwambia, "Mume wangu, wewe unakionea kijicho chuma."

Ikaja kiangazi kikali, na baraza likaitwa. Sekiwa, kaka yake Namkunda, akasimama mbele ya mkuki na mabua makavu ya mtama mkononi. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Akanyoosha tena, akaurudisha. Watu wa Milimani wakacheka, mmoja akapaza sauti, "Ushike, shemeji, hauumi!"

Ndipo Namkunda alipoinuka, mikono yake ameifumbata nyuma ya mgongo ili kila mtu aone kwamba hajaushika.

"Mabua haya ndiyo chakula cha ndugu zangu," akasema. "Maji ya siku moja katika siku tisa hayafiki shambani, yanakauka njiani. Tupeni siku tatu. La sivyo kesho Bonde lote linahama, na mtama mtautafuta kwenye mawe yenu."

Baraza likalipuka. "Amesema bila kuushika! Auawe!"

Lukindo akasimama. "Mwacheni. Nimesema mimi."

Wakati wa ujana wake neno hilo lingetosha. Lakini mzee Mwanjea, mlinzi wa mkuki, alisonga mbele akainama kwa adabu zote, akasema, "Mkuu, wewe tunakuheshimu. Ila hatukuapa kwako."

Lukindo akawatazama watu aliowachimbia mfereji kwa mikono yake, akauliza, "Aliyewaweka hapa ni nani? Ni mimi au ni huo?" Macho yao yote yalikwenda kwenye mkuki, naye akayaona.

Akaung'oa. Akamwendea Kalaghe, babu yetu, akamwambia, "Uyeyushe." Kalaghe akakataa, akasema, "Wewe una nyimbo, una mke, una nchi. Mimi nina huo tu." Basi Lukindo akauweka begani, akateremka hadi ziwa la Kisenya, nchi nzima nyuma yake, akaingia majini. Maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, na uzito wa chuma ulikuwa ukimdidimiza topeni kila hatua. Yakamfika kifuani. Watu wakapiga kelele kutoka ufukoni, "Uachie! Lukindo, uachie urudi!" Hata Mwanjea alipiga kelele. Siku ile hakuna aliyeutaja mkuki kwa jina lake. Walimwita yeye, Milimani na Bonde, mpaka sauti zikawakauka. Naye hakuuachia. Maji yakafunika kichwa, kisha ncha ya mkuki, na hakuonekana tena.

Jioni ileile Sekiwa alisema barazani, na Bonde likapata siku zake tatu. Tangu hapo anayetaka kusema katika Ughedu huonyesha kwanza viganja vitupu, na mtu wa Bonde ndiye anayeanza. Hiyo ndiyo alama aliyotuachia Lukindo mwana wa Shemweta, Mlinda Chemchemi, nami nakiri ni kubwa, ingawa nakiri kwa shida.

Lakini Namkunda alibaki ufukoni siku mbili, hakula. Wanawake walipomwendea kumfariji, wakamwambia ashukuru, kwani mume wake amekufa kwa ajili yake, aliwatazama, akasema: "Nilimwita kwa jina ambalo ni mimi tu niliyekuwa nikimwita. Alinisikia, maana aligeuka. Mikono yake ilikuwa miwili, na yote miwili ilikuwa imeushika."