Semeni Aliyejua Kujificha

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo ameitika na andazi mdomoni? Meza kwanza, mwanangu. Na nyie wakubwa huko nyuma mnaozungumza bei ya mchele, itikeni nanyi, maana ya leo inawahusu nyie kuliko watoto. Paukwa!

— Pakawa!

Basi hapo kale, kale ya mababu wa mababu zetu, wanyama walikuwa na shule mbili. Moja mlimani, mwalimu wake Kima. Moja bondeni, mwalimu wake Nungunungu. Masomo yalikuwa mawili tu, kujificha na kunusa upepo. Kujificha mnakujua. Kunusa upepo ni kujua upepo unatoka wapi na unakwenda wapi, ili ukijificha, harufu yako isimfikie Chui.

Sasa sikilizeni ujinga ulipokuwa. Kima alifundisha kujificha mwaka wa kwanza, kunusa upepo mwaka wa pili. Nungunungu alianza na kunusa upepo, mwaka wa pili ndio kujificha. Kila mmoja alisema mpango wake ndio mpango, wa mwenzake upuuzi.

Huko mlimani alikaa Bi Digidigi na binti yake, Semeni. Hakuwa na mtoto mwingine. Semeni akasoma kwa Kima mwaka mmoja, akajua kujificha. Akilala kwenye majani, tii, hata mama yake anampita. Mwaka ule jua likawaka, majani yakakauka. Bi Digidigi akamchukua mwanawe, wakashuka, wakashuka, wakashuka, hao mpaka bondeni.

Akampeleka kwa Nungunungu.

"Shikamoo, mwalimu. Mwanangu amemaliza mwaka wa kwanza."

"Marahaba. Basi aingie wa pili."

"Wa pili mnasoma nini?"

"Kujificha."

"Kujificha anajua, mwalimu. Asichojua ni kunusa upepo."

"Hilo ni somo la mwaka wa kwanza, na yeye si wa mwaka wa kwanza. Hapa tuna utaratibu, mama."

"Basi nitamfundisha mwenyewe nyumbani."

Nungunungu akasimamisha miiba, kwaru kwaru. "Usimchanganye mtoto. Kila mzazi akifundisha lake, shule ya nini? Subiri. Baraza la wanyama linakutana, tutapata mpango mmoja wa nchi nzima."

Bi Digidigi akamwacha mwanawe darasani, akarudi nyumbani. Upepo aliujua tangu utotoni. Lakini mwalimu ni mwalimu, naye mgeni, akaogopa kuitwa mjuaji.

Baraza likakutana. Wote wakasema mpango mmoja ni jambo jema. Hakuna aliyepinga. Tatizo, mpango wa nani?

"Wangu," akasema Kima. "Mtoto ajifiche kwanza. Atanusa nini akiwa ameshaliwa?"

"Wangu," akasema Nungunungu. "Anuse kwanza. Atajificha wapi kama hajui upepo?"

Wakabishana mpaka jua likazama. Wakaahirisha. Wakarudi. Wakaunda kamati, kamati ikazaa kamati. Kobe akapewa kazi ya kukusanya maoni, na Kobe mnamjua. Wa mlimani wakasema wa bondeni wanataka kuwatawala. Wa bondeni wakasema wa mlimani wana kiburi. Mvua ikanyesha, ikaacha, bado wanabishana. Mimi nasema wazi, wote wawili siwapendi.

Kila kikao Bi Digidigi alisimama nyuma. "Jamani, na mwanangu atafundishwa lini?"

"Subiri, mama. Ndilo tunalolizungumza."

Na Semeni? Semeni alikuwa anasoma kujificha mara ya pili. Akawa wa kwanza darasani. Akaja nyumbani anarukaruka. "Mama, nimewashinda wote." Mama akamsifu. Angesema nini?

Asubuhi moja watoto walikuwa malishoni. Chui akaja, nyata, nyata, nyata. Wenzake Semeni wakainua pua, fyuu, fyuu, wakaujua upepo, wakazunguka upande wa pili, wakajificha. Semeni akajificha pale pale alipokuwa. Alijificha vizuri kuliko wote. Sikio halikucheza. Jicho halikupepesa. Chui hakumwona kabisa. Lakini upepo ulitoka kwa Semeni ukaenda kwa Chui, na Chui akaifuata pua yake mpaka kwenye yale majani.

Semeni hakurudi nyumbani.

Jioni yake baraza likakaa. Nungunungu akasema, "Tufuate wa Kima." Kima akasema, "Hapana, tufuate wako." Ikawa wa Nungunungu. Jambo lililowashinda mwaka mzima, kufumba na kufumbua limekwisha.

Wakaenda kwa Bi Digidigi kumpa pole. Wakamwambia, "Mama, mpango umepita."

Bi Digidigi akawatazama. "Upepo nilikuwa naujua," akasema. "Ningemfundisha kwa siku tatu. Mkaniambia nisubiri, nami nikasubiri." Akaingia ndani.

Mafunzo yake ni haya. Nyie wakubwa, mkibishana mpango wa nani upite, kubalianeni mapema, maana mtoto anakua huku mnabishana, na Chui hangoji kikao kiishe. Na wewe mzazi, unachokijua mfundishe mwanao leo.

Hadithi yangu inakomea hapa. Laiti ingekomea mahali pengine.